Kipimo Kitupu cha Ukurasa wa Hamsini na Nane

Sparkbrook, Birmingham
Jumamosi alasiri, Septemba 1977

Salome, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu mzazi, na kwa sababu kesho saa nne asubuhi treni ikishatoka New Street nitabaki sina wa kumwita hivyo. Mambo ya blanketi, soksi za sufu, na mafuta ya kupaka kifuani ukishikwa na kikohozi, mama yako ameyamaliza. Sitayagusa. Yuko chini anapiga pasi nguo ambazo alizipiga pasi jana.

Nataka nikueleze jambo moja tu. Juzi kwenye chakula cha kukuaga ulisimama mbele ya wageni, ukasema unakwenda kusoma ufamasia kwa sababu umelelewa na mtu ambaye katika kazi yake hajawahi kukosea hata nota moja. Watu wakapiga makofi. Mama yako akanitazama, kisha akatazama sahani yake. Hukumwona. Mama yako anajua kidogo. Mzee Dacey, ambaye hivi ninavyoandika uko kwake Erdington unamuaga, anajua yote. Aliniambia wiki iliyopita, "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi nitatia chumvi." Nikamwomba aniachie.

Basi nianze na lililo zito, ili usisome kwa wasiwasi. Nilikosea. Nilijua kwamba nimekosea, nikanyamaza siku mbili. Katika siku hizo mbili mtu mwenye heshima zake alikaribia kupoteza kazi ya maisha yake kwa ajili yangu. Mtu mwenyewe ni Mzee Dacey. Wewe siku zote umedhani tulijuana kanisani.

Nimetoa kabatini daftari langu la mwaka ule, lile la jalada jekundu, na ninaandika huku limefunguliwa mbele yangu, kwa sababu kumbukumbu ya mtu hupenda kumpendelea mwenyewe.

Unajua kwamba nilisoma shule ya misheni karibu na Muheza. Ambalo sikukuambia ni kwamba kwaya yetu ilikuwa na waimbaji thelathini na kitabu kimoja cha nota. Mwalimu wa kwaya aliupenda mwandiko wangu, akanipa rula, kalamu na chupa ya wino, na kila Jumamosi wenzangu wakicheza mpira mimi nilikuwa nanakili sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Niliona ni adhabu. Nilipokuja huku kusomea uchoraji wa mashine, kiwandani nilikopata kazi nikawekwa kunakili michoro ya gia na bolti. Siku moja nikaona tangazo dogo kwenye dirisha la duka la karatasi: anatakiwa mtu mwenye mkono safi, anayesoma nota. Ofisi ilikuwa juu ya duka hilo. Bwana Orme, mwenye ofisi, alinipa ukurasa ninakili. Aliutazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu, akaniletea kiango cha kutundikia koti. Ndivyo nilivyojua nimepata kazi.

Wewe ulikuwa ukija pale ukitoka shule na kuzungusha vidole kwenye vumbi la wino, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri tulichokuwa tukifanya. Okestra ya watu themanini haisomi kitabu kimoja. Mtunzi huandika kitabu kikuu, ambamo ala zote zimepangwa juu chini katika ukurasa mmoja, kama ghorofa. Hicho husomwa na kiongozi peke yake. Mpigaji hupewa kipande chake tu. Mpiga tarumbeta haoni fidla, mpiga fidla haoni ngoma. Kila mmoja ana mstari wake, na pale asipokuwa na la kupiga ana namba inayomwambia anyamaze kwa vipimo vingapi, yaani vile vijumba vya mapigo vinavyotenganishwa kwa mistari ya wima. Mtu anaweza kukaa na kuhesabu kimya dakika nane, apige mara moja, arudi kwenye kuhesabu. Sasa nani huvitoa vile vipande themanini kutoka kwenye kitabu kikuu? Sisi. Tulikuwa watu watatu katika chumba chenye taa nyingi na harufu ya amonia, maana vipande vya fidla, ambavyo huhitajika vingi, tuliviandika kwenye karatasi angavu na kuvipitisha katika mashine ya amonia itoe nakala.

Mwanangu, kuna jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa ndani ya basi nasahau kuteremka. Muziki mpya ukiletwa kwetu, hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kuusikia. Hata mtunzi mwenyewe alikuwa ameusikia kichwani tu. Tangu dunia iumbwe sauti ile haijawahi kutoka, na kabla haijatoka ilikuwa lazima ipite mkononi mwangu, nota moja baada ya nota moja, kwa wino. Mimi, mtoto wa mlinzi wa stoo ya mkonge. Kuna mama mjane alituletea kazi ya marehemu mumewe imefungwa ndani ya foronya, na kwenye ukurasa wa mwisho mstari ulikatika katikati ya kipimo, pale mkono wake uliposimama. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikatoka nje kidogo. Bwana mwingine alileta karatasi zenye alama za vikombe vya chai, na pembeni ameandika kwa penseli vitu vya kununua sokoni: vitunguu, mshumaa, mkate. Muziki wenyewe ulikuwa wa kukufanya uvue viatu. Nilijifunza hapo kwamba mambo makubwa hayaji yamevaa nguo za sikukuu.

Sasa ya Bwana Tranter.

Bwana Tranter alikuwa mwalimu wa shule huko Great Barr, mtu wa haya, anayezungumza akitazama kifungo cha shati lako. Alikuwa ameutunga muziki wake kwa miaka kumi na moja, jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Okestra ilikubali kuupiga mara ya kwanza katika ukumbi wa mji, Ijumaa moja ya Novemba. Kitabu kikuu kilitufikia kimechelewa, kimeandikwa kwa penseli. Mwenzangu, mama mmoja mtu mzima, alichukua vipande vya fidla na jamii yake. Mwingine akachukua vya kupuliza. Mimi nikapewa vya ngoma na vitu vyote vya kugongwa, wapigaji watatu.

Penye ukurasa wa hamsini na nane, ukingoni mwa kulia, palikuwa na kipimo kitupu kwa ala zote, juu mpaka chini. Hakikuwa na nota, wala alama ya kimya. Watunzi huchora mistari yao kwa rula kabla ya kuandika, na mara nyingi hubakiza kijumba kimoja mwishoni ambacho hawakukihitaji. Nilikwisha kukutana na masalio ya namna hiyo mara nyingi. Bwana Orme alikuwa amebandika kanuni ukutani kwa mkono wake: usichokielewa, uliza, usimtengenezee mtunzi. Lakini kuuliza kulitaka barua, kwa kuwa Bwana Tranter hakuwa na simu, na barua ilitaka siku mbili, na mimi nilikuwa naona raha ya kumaliza kabla ya wenzangu. Daftari langu linasema hivi: "Uk. 58, kipimo kimoja kitupu ukingoni, masalio ya rula. Nimekiacha. Vipande vya ngoma vimekwisha siku mbili kabla ya muda. Bw. Orme amesifu." Neno "amesifu" nimelipigia mstari. Nikiutazama leo ule mstari naona aibu kuliko kosa lenyewe.

Wapigaji wawili kati ya watatu walikuwa wamemaliza kazi yao kabla ya ukurasa ule. Aliyebaki alikuwa Dacey. Kipande chake kilisema anyamaze vipimo arobaini na sita, kisha agonge kibao cha mti kwa kijiti, polepole, mara tatu. Ilipasa kuwa arobaini na saba.

Jumatano yakawa mazoezi ya kwanza. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya kwaya nyuma ya okestra, na wino na wembe, kwa sababu desturi yetu mnakili mmoja huwapo kurekebisha papo hapo. Muziki ule ulianza na vishindo, kisha ukapungua, ukapungua, mpaka zikabaki fidla kubwa za chini peke yake zikififia kama mtu anayezimia. Zikanyamaza. Kiongozi akabaki ameinua mikono, hatikisiki. Na katika ule ukimya Dacey akagonga: ko, ko, ko.

Kiongozi akashusha mikono. Alimwambia Dacey kwamba ameingia mapema, hapo ni kimya. Dacey akaomba radhi. Wakarudia. Akagonga tena palepale. Mpiga fidla mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwacheni mzee, saa za Erdington zinakwenda mbele." Watu wakacheka. Mara ya tatu nilimwona Dacey anahesabu kwa midomo, kichwa ameinamisha juu ya karatasi yangu kama anasali, na akagonga palepale, kwa sababu alikuwa anafanya sawasawa na nilivyomwandikia.

Kulikuwa na maneno tayari kwamba Dacey masikio yake yamechoka. Msimu uliotangulia alikuwa ameonywa. Kiongozi alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba muda ni mdogo, na kwamba Ijumaa kibao kitagongwa na kijana wa matoazi. Mambo mengine ya Bwana Dacey yatazungumzwa baada ya onyesho. Kila mtu pale alijua maana yake.

Wakati wa chai Dacey alinijia ameshika kipande chake. Nikajua amekuja kuuliza. Alikinyoosha mbele yangu, akapitisha kidole juu ya mistari.

"Mwandiko huu, bab," akasema, maana ndivyo wanavyoitana watu wa mji huu, "ni kama umechapwa na mashine. Hauna doa. Kwa hiyo kosa ni langu."

Akakikunja, akaenda kutafuta sukari.

Salome, ile kauli imenikaa kwenye mwili miaka saba. Usafi wa mwandiko wangu ndio uliomhukumu. Kama ningeandika ovyo angeutilia shaka. Nilifundishwa tangu shule kwamba unadhifu ni uaminifu, na siku ile nikaona vitu hivi viwili vikiachana njia mbele ya macho yangu.

Jioni ile nilifungua daftari nikasoma yale niliyokwisha kukuandikia hapo juu. Alhamisi nilichungulia kazi ya yule mama mwenzangu. Kipimo kipo, na alama ya kimya juu yake. Alikuwa amemwandikia Bwana Tranter siku ya kwanza kabisa kumuuliza, na akajibiwa kwamba ni cha makusudi. Yule wa kupuliza naye akamuuliza yeye. Mimi nilikuwa nimekwisha kumaliza, nasifiwa.

Ningesema Alhamisi ile. Bwana Orme alikuwa mezani kwake, hatua sita. Lakini yeye ndiye aliyeniita, akaniambia kwamba kuna kazi kubwa ya opera inakuja, itakayotuweka mwaka mzima, na kwamba jina langu ameliweka la kwanza. Unakumbuka ilikuwa miaka gani. Maneno yaliyokuwa yakisemwa juu yetu, kwenye magazeti na kwenye foleni ya basi. Nilijiambia kwamba mtu mweusi katika mji huu hapewi kosa la pili, basi asikubali la kwanza. Nilijiambia pia kwamba nina mtoto. Ndiyo, nilikutumia wewe. Ukitaka kujua uoga unavyofanya kazi, huchukua kitu unachokipenda ukakiweka mbele ya uso kama ngao.

Kisha nikapata wazo ambalo niliona ni la busara. Ijumaa asubuhi nilifika ukumbini kabla ya wapigaji. Nilikuwa na ruhusa ya kuwa pale, hakuna aliyeniuliza. Nikakichukua kipande cha Dacey kwenye stendi, nikaikwangua ile sita kwa wembe, nikapuliza vumbi, nikaandika saba, na pembeni nikachora alama ndogo ya kimya. Dakika tano. Nikafurahi. Nikasema moyoni, muziki umepona na hakuna aliyeumia.

Mazoezi yakaanza. Fidla za chini zikafifia, kiongozi akainua mikono, na safari hii kimya kikaja. Kijana wa matoazi, akisoma karatasi niliyokwisha kuirekebisha, akahesabu arobaini na saba akagonga mahali pake. Wapigaji wa fidla wakagonga stendi kwa nyuta zao, ndivyo wanavyopigiana makofi. Na mtu mmoja akageuka kumtazama Dacey, kisha wengine wakageuka. Alikuwa amekaa viti vya nyuma kabisa amevaa koti lake, kofia mapajani. Sasa hapakuwa na shaka tena. Karatasi ileile, kijana ameweza, mzee ameshindwa. Nilidhani nimerekebisha kosa. Nilikuwa nimefuta ushahidi pekee aliokuwa nao.

Mimi nilikuwa tayari hata hapo kunyamaza. Nataka ujue hivyo. Kilichonizuia si wema wangu.

Bwana Tranter alikuja kukaa karibu yangu kwenye viti vya kwaya. Alitaka kunishukuru kwa kazi. Nikamuuliza, ili tu niseme kitu, kile kimya kinamaanisha nini. Akakiambia kifungo cha shati langu. Alisema wakati wa vita, mabomu yalipoangukia mitaa hii, kulikuwa na vikosi vya kuwafukua watu chini ya vifusi. Watu walichimba kwa makelele, majembe, ndoo, magari. Kisha kiongozi wa kikosi akipiga filimbi mtaa mzima ulinyamaza. Injini zilizimwa. Mama aliyekuwa akilia aliziba mdomo. Wote walisimama hawapumui, wakisikiliza kama kuna mtu chini anayegonga. Wakati mwingine hakuna. Wakati mwingine, kutoka chini kabisa, ko, ko, ko.

"Hicho ndicho kipimo chenyewe," akasema. "Ndiyo maana sikuweka kitu ndani yake, hata alama. Niliogopa kukigusa."

Nikamuuliza kama alikuwepo yeye.

"Mimi nilikuwa mtoto, nilihamishiwa shamba. Kisa ni cha Dacey. Yeye alikuwa kikosini. Alinisimulia miaka mingi iliyopita, na nikamwambia, nikiweza kukiandika, wewe ndiye utakayegonga." Akatazama viti vya nyuma. "Sasa nadhani nimemngojesha mno. Amezeeka."

Niliinuka. Sikumbuki nikishuka ngazi. Nakumbuka mlango wa chumba cha kiongozi, rangi ya kijani, na kwamba nilibisha hodi kwa Kiswahili. Aliponifungua nilisema nimekuja kwa habari ya Bwana Dacey, na nikaomba naye aitwe, na Bwana Tranter alikuwa amenifuata akidhani naumwa. Wakawa watatu wananitazama.

Nikasema, "Bwana Dacey hakukosea. Alipiga kilichoandikwa. Mimi niliacha kipimo kimoja, na leo asubuhi nimekirudisha kwa siri."

Kiongozi akaagiza kile kipande kiletwe, akakiinua mbele ya dirisha. Mwanangu, karatasi iliyokwanguliwa haifichiki ukiishika kwenye mwanga. Pale penye saba palikuwa peupe kama kovu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tangu lini najua. Nikasema tangu Jumatano. Akarudia neno hilo, "Jumatano," kisha akanigeuzia mgongo akamwambia Dacey kwamba usiku huu kibao ni chake, na kwamba anamwomba radhi.

Dacey aliichukua ile karatasi. Alipapasa lile kovu kwa kidole gumba.

"Basi mimi si kiziwi," akasema. "Ni wewe hujui kuhesabu."

Bwana Tranter alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Mimi sikuweza kucheka. Nililia mbele ya Wazungu watatu, jambo ambalo baba yangu alikufa akiamini haliwezekani.

Jioni ile wewe ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na moja, umevaa lile koti la bluu, umekaa kati yangu na mama yako. Umewahi kusema kwamba unachokumbuka ni jinsi watu wote walivyonyamaza. Sasa unajua ni kitu gani. Lakini hujui nilivyokuwa mimi. Kumvua mtu aibu uliyomvika si sawa na kutomvika. Dacey alikuwa ametikiswa siku mbili mbele ya wenzake. Mkono wake ungeweza kweli kutetemeka sasa, angeweza kweli kupotea. Fidla za chini zilipoanza kufifia nilihesabu kwa vidole chini ya programu. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Arobaini na sita, zikazimika. Kiongozi akainua mikono.

Sijui nikuandikie vipi kimya kile. Ukumbi mzima, viti vya juu vimejaa, hakuna aliyekohoa, mwezi wa Novemba, katika mji wa watu wenye mafua. Walikuwemo watu wazima pale waliosimama kwenye mitaa ile wakati wa vita, na nadhani miili yao ilikitambua kabla ya akili. Bibi mmoja mbele yetu aliweka kiganja mdomoni. Kipimo kimoja, Salome. Ukikipima kwa saa hakifiki sekunde nne. Nimeishi miaka mingi ambayo si mirefu kama hicho. Na mimi, mjinga, nilikuwa nimekiona kwenye karatasi nikasema ni masalio ya rula.

Kisha Dacey akagonga. Ko, ko, ko. Polepole, kutoka mbali, mahali pake hasa. Ulinishika mkono wa shati, ukaninong'oneza kwa Kiingereza, kuna mtu.

Jumatatu Bwana Orme alilitoa jina langu kwenye ile opera. Aliniweka kwenye mashine ya amonia miezi sita, bila kushika kalamu. Uliniuliza mbona narudi nikinuka vile na macho mekundu, nikakuambia kwamba mwendesha mashine anaumwa, namsaidia. Hakukuwa na mgonjwa. Huo ni uongo wa pili, na ndio niliokuambia wewe. Nakuomba unisamehe huo mbali na ule mwingine. Miezi sita ilipokwisha Bwana Orme alinirudishia kalamu. Sikuwahi kuwekwa wa kwanza tena. Nilidhani itaniuma zaidi kuliko ilivyoniuma.

Nisikupambie mwisho. Wiki chache baada ya onyesho Dacey alinialika kwake, akanipa chai nzito kama lami, akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Masikio yake yalikuwa yanakufa kweli. Fidla za chini alikuwa hazisikii tena mwaka mzima. Alikuwa anaishi kwa kuhesabu tu. Ndiyo maana alipoiona karatasi yangu safi alijihukumu haraka vile. Nikamwambia basi kumbe kukiri kwangu kumemwongezea msimu mmoja tu. Akasema ndiyo, msimu mmoja. Kiangazi kilichofuata alikwenda mwenyewe kwa kiongozi, akiwa amevaa tai, akamwambia inatosha. Alichagua siku. Walimwandalia keki. "Mtu akitoka kwa miguu yake," akaniambia, "anaijua njia ya kurudi kuwasalimia." Tangu hapo ndipo alipoanza kuja kwetu kula pilau na kukufundisha kugonga meza kwa vijiko, mama yako akinuna.

Sijui kama inafaa kufananisha. Dawa si muziki. Utaandika lebo, namba juu ya chupa, na mtu atameza alichoandikiwa akiamini mkono wako. Utakuwa na mwandiko mzuri, najua, umenirithi. Watu watakuamini kwa ajili yake. Na iko siku utaona kitu kitupu ukingoni ukadhani ni masalio, kwa kuwa umekwisha kukutana navyo vingi, na kwa kuwa unataka kumaliza. Sikuombi usikosee. Nilipenda sana usemi wako wa juzi, nikautamani uwe kweli, na kwa saa kadhaa nilikaa nikifikiri nikuachie uondoke nao kama zawadi. Lakini ungeubeba huko Cardiff, na siku ya kwanza ukikosea ungejiona umetoka nje ya ukoo.

Hujatoka. Sisi tunakosea. Ukishajua umekosea, mama yangu, hata kama ni mchana wa kazi na mkubwa wako amekaa hatua sita akiwa na habari njema kwa ajili yako, inuka uende. Nitakupenda vilevile utakapokuwa umechelewa, kama Dacey alivyonipenda. Ila mwenzako aliyekaa viti vya nyuma na koti lake hana muda huo.

Usingoje Ijumaa.

Ni mimi, baba yako